Tone la Mvua, Unyasi na Udongo wa Kondoa

Tarehe 5 Juni ya kila mwaka ni Siku ya Mazingira Duniani, iliyowekwa na Umoja wa Mataifa mwaka 1972. Shule nyingi za Tanzania huiadhimisha siku hiyo kwa ngoma, ngonjera, maandamano na, zaidi ya yote, kwa kupanda miti. Mgeni rasmi hutia mche shimoni, huumwagia maji, na wanafunzi hupiga makofi. Hakuna ubaya wowote katika jambo hilo. Lakini mara nyingi hutokea kwamba uwanja ule ule unaopandwa miti umefagiliwa alfajiri ya siku hiyo mpaka ukang'aa, pasibakie hata unyasi mmoja. Kwa mtazamo wa elimu ya hifadhi ya ardhi, unyasi uliofagiliwa ulikuwa na kazi ambayo mche uliopandwa hautaweza kuifanya kwa miaka mingi ijayo, na pengine hautaifanya kamwe.

Ili kueleza kwa nini iko hivyo, yafaa kuanza na swali moja. Ni kitu gani hasa kinachoung'oa udongo mahali pake? Wanafunzi wengi wakiulizwa hujibu upesi kwamba ni maji yanayotiririka. Jibu hilo ni sahihi kwa sehemu tu, na sehemu iliyosahauliwa ndiyo iliyo kubwa zaidi.

USHAHIDI ULIO SHULENI

Anayetaka ushahidi hana haja ya kwenda mbali. Autazame ukuta wa darasa uliopakwa chokaa, baada ya mvua kubwa za kwanza. Sehemu ya chini ya ukuta huo, kutoka ardhini mpaka karibu na goti la mtu mzima, itakuwa na madoa ya udongo mwekundu au wa kahawia. Maji yanayotiririka hayapandi ukutani. Udongo ule umerushwa, na kilichourusha ni matone ya mvua yaliyoupiga uwanja.

Kisha atazame chini ya mwembe wa shule. Mizizi imejitokeza nje kama mishipa ya mkono wa mzee. Watu husema kwamba mizizi imepanda juu. Ukweli ni kwamba ardhi ndiyo iliyoshuka. Ikiwa mwaka wa kupandwa mwembe unajulikana, kimo cha mizizi juu ya ardhi kikigawanywa kwa idadi ya miaka hutoa makisio, japo ya juujuu, ya udongo uliopotea kila mwaka. Hali kadhalika misingi ya madarasa ya zamani: mara nyingi zege lililofukiwa na mafundi siku za ujenzi sasa liko wazi.

Alama ya tatu ni ndogo, nayo huhitaji jicho la makini. Mahali penye changarawe, baada ya mvua ya radi, vijiwe huonekana vimesimama juu ya vinguzo vya udongo vyenye kimo cha sentimita moja au mbili. Maji ya mtiririko yangevikata vinguzo hivyo kutoka pembeni. Kilichoukata udongo kilitoka juu, na kila kijiwe kilikuwa mwavuli wa udongo ulio chini yake.

NISHATI YA MVUA

Matone ya manyunyu yana kipenyo kisichozidi milimita moja. Matone ya mvua kubwa ya radi huweza kufikia milimita 5 hivi. Yakizidi sana hapo hupasuka yangali hewani. Tone la milimita 1 huanguka kwa kasi ya mita 4 hivi kwa sekunde, na lile la milimita 5 kwa kasi ya mita 9 hivi. Wanafunzi wa fizikia wanajua kwamba nishati mwendo ni nusu ya masi ikizidishwa kwa mraba wa kasi. Tone lenye kipenyo mara tano lina masi mara 125. Na kasi yake, ambayo ni zaidi kidogo ya mara mbili, ikitiwa katika mraba huongeza nishati mara tano nyingine. Kwa hiyo tone moja kubwa hupiga ardhi kwa nishati inayozidi mara 600 ile ya tone la manyunyu. Ndiyo maana mvua ya siku nzima ya manyunyu huweza kuliacha shamba salama, na dhoruba ya nusu saa ikaliharibu.

Sasa ichukuliwe hekta moja ya shamba, na mvua ya milimita 30 iliyonyesha kwa saa moja. Milimita moja ya mvua juu ya hekta moja ni mita za ujazo 10, yaani tani 10 za maji. Hivyo mvua hiyo ni tani 300. Wastani wa kasi ya matone ukiwa mita 7 kwa sekunde, nishati yake ni nusu ya kilo 300,000 mara 49, yaani jouli 7,350,000. Nishati hiyo ingetosha kuliinua lori la tani 7 mpaka kimo cha zaidi ya mita 100. Yote huteremshwa juu ya hekta moja katika saa moja, wala hakuna anayeshtuka, kwa sababu imegawanywa katika mamilioni ya mapigo madogo.

Na maji yanayotiririka je? Hata ikikadiriwa kwamba nusu ya mvua hiyo, tani 150, imetiririka juu ya ardhi kwa kasi ya mita moja kwa sekunde, nishati yake ni jouli 75,000 tu. Hiyo ni karibu sehemu moja kwa mia ya nishati ya matone.

Hesabu hii isifasiriwe kwamba mtiririko hauna hatia. Maji yakikusanyika mahali pamoja hupata kina na kasi, nayo ndiyo yachimbayo makorongo. Lakini kazi ya kwanza hufanywa na matone. Tone huvunja donge la udongo, likazitawanya chembechembe zake. Chembe zilizo laini kabisa huziba vitundu ambamo maji yangepenya, na baada ya muda mfupi juu ya ardhi hutanda utando mgumu mfano wa ukoko. Ukoko huo huyakataa maji. Maji yaliyokataliwa hutiririka, na yanapotiririka huikuta mizigo imekwisha kufungwa: udongo uliovunjwa tayari, unaongoja mchukuzi.

JARIBIO LA CHANDARUA

Jambo hili lilithibitishwa kwa jaribio jepesi ajabu. Katika miaka ya 1950 mtaalamu N. W. Hudson, akiwa kwenye kituo cha utafiti cha Henderson katika nchi ambayo leo ni Zimbabwe, alitayarisha vipande viwili vya ardhi, vyote vitupu, visivyo na mmea wowote. Juu ya kimoja alitandaza wavu mwembamba wa kuzuia mbu, ukiwa umeinuliwa kidogo kutoka ardhini. Kingine alikiacha wazi. Wavu haukupunguza kiasi cha mvua. Maji yote yalipita. Ila matone makubwa yalivunjwa na nyuzi, yakaanguka tena kama manyunyu kutoka kimo kifupi. Kwa muda wa miaka kadhaa ya vipimo, kipande kilichokuwa wazi kilipoteza udongo zaidi ya mara mia kuliko kile kilichofunikwa kwa wavu.

Unyasi ni wavu huo. Majani makavu yaliyoanguka, mabua ya mahindi yaliyoachwa shambani baada ya mavuno, kunde na maboga yatambaayo kati ya mistari ya mtama, yote ni wavu huo. Mti mrefu peke yake si wavu. Maji yakikusanyika juu ya jani hufanya tone kubwa kuliko matone mengi ya mvua yenyewe, na tone hilo likianguka kutoka kimo cha mita 8 au zaidi hupata tena karibu kasi yake yote. Katika mashamba ya mitiki ambayo moto umeyateketeza majani makavu na vichaka vya chini, udongo humomonyoka sana ingawa kwa mbali mtu huona msitu mzuri. Msitu wa asili huilinda ardhi kwa zulia la majani lililo chini yake kuliko kwa kimo cha miti yake.

MPWAPWA, MIAKA YA 1930

Tanzania ina sifa isiyotajwa sana mashuleni: baadhi ya vipimo vya mwanzo kabisa vya mmomonyoko wa udongo barani Afrika vilifanywa Mpwapwa, mkoani Dodoma, katika miaka ya 1930, na mtafiti aitwaye Staples wa idara ya mifugo ya serikali ya wakati huo. Mahali hapo mvua ni kama milimita 570 kwa mwaka, na mteremko wa vipande vilivyopimwa ulikuwa wa wastani tu, asilimia 6. Huo ni mteremko ambao mpanda baiskeli angeusikia miguuni, lakini mkulima asingeuita mlima.

Katika kipande kilichoachwa na vichaka vyake bila kuchungiwa mifugo, mvua iliyotiririka ilikuwa chini ya nusu asilimia, na udongo uliopotea haukufikia kiasi cha kupimika. Katika kipande kilicholimwa nafaka, asilimia 26 ya mvua ilitiririka, na udongo tani 78 hivi kwa hekta ukaondoka kwa mwaka. Katika kipande kilichoachwa kitupu kabisa, nusu ya mvua ilitiririka na tani 146 hivi za udongo zikaenda nayo.

Tani 146 ni nyingi kiasi gani? Mita moja ya ujazo ya udongo wa kawaida ina uzito wa tani 1.4 hivi. Tani 146 basi ni mita za ujazo 104, ambazo zikitandazwa juu ya hekta moja, yaani mita za mraba 10,000, ni unene wa sentimita moja na nukta chache. Sentimita moja kwa mwaka! Mtu anayelima kila siku hawezi kuiona ikiondoka. Lakini udongo wa juu, wenye mboji na rutuba, mara nyingi una kina cha sentimita 20 au 30 tu, na maumbile huhitaji mamia ya miaka kutengeneza sentimita moja kutoka katika mwamba. Aidha nusu ya mvua iliyotiririka haikulowesha mizizi. Mwaka wa milimita 570 uligeuka, kwa mmea ulioko pale, kuwa mwaka wa milimita 285. Baadhi ya ukame unaolaumiwa mbinguni unatengenezwa ardhini.

Tahadhari moja inafaa hapa. Vipimo vya kipande kidogo havizidishwi ovyo kwa eneo la wilaya nzima. Udongo mwingi unaotoka mlimani haufiki baharini; hutuama mabondeni, kwenye mbuga na mabwawa. Mwenye shamba la juu amepoteza, na mwenye shamba la chini pengine amepata rutuba, au pengine amefukiwa na mchanga usiofaa kitu.

KONDOA

Kufukiwa huko ndiko kulikoonekana Kondoa. Vilima vya Irangi, nchi ya Warangi, viko kaskazini mwa mkoa wa Dodoma. Mvua zake huanguka hasa kati ya Desemba na Aprili, baada ya miezi mingi ya kiangazi ambayo mifugo imekwisha kuila kila nyasi. Kwa hiyo dhoruba za kwanza, ambazo aghalabu ndizo kali, huikuta ardhi ikiwa tupu. Kufikia katikati ya karne ya 20 miteremko mingi ilikuwa imeparuliwa mpaka udongo mgumu wa chini, makorongo mengine yalikuwa na kina cha kuweza kuificha nyumba, na mito ya mchanga ilikuwa imetanuka ikifunika mashamba ya bondeni.

Sababu zake hazikuanza jana. Watafiti wanataja kilimo kilichopanuka katika karne ya 19 ili kulisha misafara ya pembe za ndovu, ukataji wa vichaka uliofanywa wakati wa ukoloni ili kupambana na mbung'o na malale, na wingi wa watu na mifugo katika eneo dogo lenye maji. Lawama yote kumwekea mchungaji, kama ripoti nyingi za zamani zilivyofanya, ni rahisi kupita kiasi.

Serikali ya kikoloni ilijaribu tiba ya amri. Wananchi walilazimishwa kuchimba matuta, na asiyechimba alitozwa faini. Chuki iliyozaliwa na amri hizo ilikuwa kubwa kila mahali zilipotumiwa. Katika milima ya Uluguru ililipuka kuwa ghasia mwaka 1955. Tena huko Uluguru watu walikuwa na hoja ya kitaalamu, maana ngazi walizolazimishwa kuzikata ziliufukia udongo wenye rutuba na kuuleta juu ule usiozaa. Baada ya Uhuru mwaka 1961, mahali pengi matuta yaliachwa, kwa kuwa tuta na faini vilikuwa vimekuwa kitu kimoja katika fikira za watu.

Mwaka 1973 ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, uliojulikana kwa jina la HADO, kwa msaada wa Sweden. Miaka yake ya mwanzo ilikuwa ya matrekta, matuta, vizuizi vya makorongo na upandaji wa miti. Kazi kubwa ilifanyika, na matokeo yalikuwa haba. Aliyesoma hesabu ya nishati iliyotangulia hatashangaa. Tuta husimamisha maji ambayo yamekwisha kuanza kutiririka, halizuii tone. Kati ya tuta moja na la pili ardhi ilibaki tupu, kwa sababu kila kilichochipua kililiwa. Mteremko uliendelea kupigwa, ukoko uliendelea kutanda, na matuta yaliendelea kupokea maji na mchanga kuliko uwezo wake.

Mwaka 1979 ulichukuliwa uamuzi mkali. Mifugo yote, makumi ya maelfu ya ng'ombe, mbuzi, kondoo na punda, iliamriwa kuondolewa katika eneo lililomomonyoka zaidi, lenye kilomita za mraba 1,256. Hakuna aliyepanda nyasi. Hata hivyo katika misimu michache zilirudi zenyewe, kisha vichaka, kisha miti ya miombo iliyochipua kutoka kwenye visiki na mizizi iliyokuwa hai chini ya ardhi muda wote huo ikitafunwa kila ilipotoa jani. Miteremko ilifunikwa, matumbo ya makorongo mengi yakaota majani, mito ya mchanga ikapungua upana, na baadhi ya mchanga wa mabondeni ukaanza kulimwa. Mvua haikubadilishwa, wala mteremko, wala udongo. Kilichobadilika ni kile tone lilichokutana nacho kabla ya kugusa ardhi.

Gharama yake isipitwe kwa haraka. Katika Kondoa ng'ombe alikuwa maziwa ya mtoto, samadi ya shamba, jembe la kukokotwa, mahari na akiba ya mwaka wa njaa. Vyote hivyo viliondoka pamoja naye. Mwenye ndugu au rafiki nje ya mpaka alimpelekea mifugo yake amtunzie. Asiye naye aliuza. Maeneo ya jirani yaliyoipokea mifugo yalibeba mzigo mpya, nayo hayakuingia katika picha za mafanikio zilizoonyeshwa wageni. Afueni ilianza mwaka 1989, ng'ombe wachache wa maziwa waliporuhusiwa kufugwa zizini, wakikatiwa majani na kuletewa. Mteremko ule ule uliokuwa mtupu sasa ulitoa lishe, kwa sharti kwamba mundu ndio unaokwenda kwenye nyasi na si kwato.

Mwanafunzi wa sayansi anapaswa kuuliza swali jingine juu ya Kondoa. Je, ilikuwa lazima kuondoa mifugo yote? Hilo halijulikani kutokana na tukio lenyewe, kwa sababu lilikuwa jaribio lisilo na daraja la kati: ama mifugo yote, ama hakuna hata mmoja. Kama sehemu moja ingeachiwa nusu ya mifugo, na nyingine ikachungiwa kiangazi tu, leo pangekuwa na jibu. Mradi ulipofikia mwisho katika miaka ya 1990 swali hilo lilibaki kwa wenye vijiji, na ng'ombe walipoanza kurudi vilimani lilirudi pamoja nao.

NGITILI ZA SHINYANGA

Daraja hilo la kati lilikuwapo mahali pengine, tena kabla ya mtaalamu yeyote kufika. Wasukuma wana desturi ya kutenga kipande cha malisho, kiitwacho ngitili, ambacho hufungwa wakati wa masika nyasi zikue, kisha hufunguliwa kiangazi kwa ng'ombe wa kulimia, ndama na wanyama dhaifu. Kwa lugha ya makala haya, ngitili huifunika ardhi katika miezi ile ile ambayo matone hupiga, na huruhusu malisho katika miezi ambayo mvua hakuna. Si lazima aliyeibuni awe alipima kasi ya tone.

Desturi hiyo ilififia katika karne ya 20, vichaka vilipokatwa ili kufukuza mbung'o na kupisha pamba, na baadaye watu walipohamishiwa vijijini mbali na maeneo yao katika miaka ya 1970. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, yaani HASHI, ulioanza mwaka 1986, ulijaribu mwanzoni kugawa miche kutoka vitaluni, kisha ukatambua kwamba wananchi walikuwa tayari na njia yao. Wakati huo ngitili zilizoorodheshwa zilikuwa hekta 600 tu hivi. Kufikia miaka ya mwanzo ya 2000 zilizidi hekta 300,000, nyingine za kaya na nyingine za kijiji kizima, na mwaka 2002 mradi ulipata tuzo ya kimataifa ya Ikweta.

JARIBIO KWA AJILI YA DARASA

Jaribio la Hudson huweza kurudiwa na kidato chochote kwa vifaa vya kawaida. Yatafutwe masanduku manne ya mbao au madebe yaliyopasuliwa ubavuni, yenye urefu wa sentimita 50 hivi, kila moja likiwa na tundu kwenye ncha moja na kopo la kukingia maji. Yajazwe udongo wa aina moja kutoka mahali pamoja, ushindiliwe kidogo kwa namna moja, na ncha ya nyuma ya kila sanduku iinuliwe kwa sentimita 5. Sanduku la kwanza liachwe tupu. La pili lifunikwe kwa nyasi kavu, nyembamba kiasi kwamba udongo bado unaonekana hapa na pale. Juu ya la tatu kitandazwe kipande cha chandarua kikuukuu, sentimita 5 juu ya udongo. La nne liachwe tupu kama la kwanza, lakini lisinyeshewe; maji yake yamiminwe polepole kwenye ncha ya juu tu, ili yatiririke bila kupiga.

Mvua itengenezwe kwa ndoo iliyotobolewa matundu kwa msumari, ishikwe kimo cha mita 2. Kila sanduku lipate lita 5, kwa muda ule ule. Wanafunzi wakokotoe kasi ya tone lililoanguka mita 2, bila kujali ukinzani wa hewa. Watapata kidogo zaidi ya mita 6 kwa sekunde, na watatambua kwamba mvua yao ni ya upole kuliko dhoruba ya kweli. Maji yaliyokingwa yapimwe kwanza ujazo wake. Kisha yaachwe yatuame mpaka kesho yake, yamwagwe taratibu, na tope lililobaki lianikwe juani hadi likauke kabisa ndipo lipimwe kwa mizani ya maabara. Kupima tope bichi ni kosa la kawaida, nalo hulifanya jaribio zima kuwa bure. Sanduku la tatu na la nne ndiyo yenye fundisho. Mwalimu awatake wanafunzi waandike matarajio yao kabla ya maji ya kwanza kumwagwa.

Kuhusu uwanja wa shule, upo ubishi wa haki. Uwanja hufagiliwa kwa ajili ya usafi, na kwa kuwa nyoka hujificha majanini. Lakini nyoka huhitaji nyasi ndefu. Ukoka uliofyekwa ukabaki na kimo cha vidole vinne haumfichi, na kwa kuvunja matone unafanya kazi yake sawasawa. Shule huweza kuuacha ukanda mmoja wa mita 5 kwa 5 uote ukoka, kando ya ukanda wa pili unaoendelea kufagiliwa. Katika kila ukanda ipigwe misumari kumi yenye urefu wa sentimita 15, ikiingia mpaka kichwa cha kila mmoja kilingane na uso wa ardhi, nayo ichorwe kwenye ramani ndogo ili isipotee wala kumchoma mtu; ukanda huo usichezewe. Misumari ipigwe kabla ya mvua za kwanza. Mwisho wa masika urefu uliojitokeza wa kila msumari upimwe kwa rula, wastani wa kumi ukokotolewe, na daftari la vipimo likabidhiwe kidato kinachofuata, kwa maana msimu mmoja wa mvua hautoshi kusema neno.